Ukuta Usio na Nyekundu

Jumatatu, 4 Agosti

Mkuu wa Chumba amestaafu! Amekata keki, amelia kidogo, ameondoka na kalenda ya ofisi ambayo si yake. Kiti chake kimebaki. Kina sehemu ya kuegemeza kichwa. Viti vyetu sisi wengine vinaishia mgongoni, utadhani kampuni haikutegemea kuajiri watu wenye vichwa.

Meneja ametangaza kwamba mrithi atatoka humuhumu chumbani, na atamtaja Alhamisi ya wiki ijayo. Wanaofaa ni wawili. Mimi, mwangalizi wa Kanda ya Kusini. Na mwangalizi wa Kaskazini, ambaye wote tunamwita Pasi, kwa sababu shati lake limenyooka kuanzia kola hadi mahali panapofichwa na suruali. Kigezo ni kimoja tu: ukuta.

Ukuta ni ile skrini kubwa iliyo mbele yetu. Kampuni ina minara inayopeleka intaneti maofisini, mashuleni na kwenye zahanati. Kitu kikiharibika huko, king'ora kinatokea ukutani na rangi yake. Nyekundu ni Dharura. Chungwa ni Kubwa. Njano ni Ndogo. Buluu ni Onyo. Kijivu ni Taarifa, na Taarifa haisomwi na mtu mwenye akili timamu. Meneja hupita na kikombe chake cha chai, hatutazami sisi, anatazama ukuta. Kusini kwangu umeme hukatika kwa sababu yoyote ile, hata ndege akitua vibaya. Nyekundu tupu. Kaskazini kwa Pasi kumetulia kijani.

Kiti hiki lazima nikipate. Si tamaa. Jana nilikuwa kwa wakwe. Baba mkwe ni mkaguzi wa shule mstaafu; alistaafu shule, ukaguzi hakustaafu. Aliniuliza mbele ya mashemeji wote, hivi cheo changu kazini hasa ni kipi. Nikasema Mkuu wa Chumba. Sikudanganya. Ni suala la tarehe tu.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepata dawa!

Mwaka jana Mkuu alipokwenda likizo alinipa neno lake la siri ili nimshikie kazi. Hakuna aliyekumbuka kulifuta. Asubuhi, Pasi akiwa anaosha kikombe, nimeingia kwenye programu kwa jina la Mkuu. Ndani kabisa, chini ya menyu ambazo hazijafunguliwa tangu programu inunuliwe, nimekuta ukurasa unaitwa Viwango vya Ving'ora. Kumbe rangi hazikushuka kutoka mbinguni. Kuna mtu aliketi akaamua. Na alichoamua mtu, mtu mwingine anaweza kukiamua upya.

"Umeme umekatika": kutoka Dharura hadi Ndogo. Kwani umeme kukatika ni dharura? Ni mazoea. "Betri iko chini": kutoka Kubwa hadi Taarifa. Betri ikiisha tutajua tu. "Mnara hausikiki": hapo nilisita kidogo, kisha nikauweka Onyo. Kunyamaza si kosa.

Nikabonyeza Hifadhi. Ukuta ukatulia hapohapo. Meneja akapita, akasimama, akatazama hadi chai ikapoa mkononi. Akasema leo kuna kazi imefanyika humu. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu ambao nimeufanyia mazoezi mbele ya kioo.

Jumatano, 6 Agosti

Msiba.

Meneja amesimama mbele ya chumba kizima akampongeza Pasi. Kusini kumetulia, amesema, lakini Kaskazini hakuna hata tone la rangi. Pasi alipoulizwa siri yake akasema ni Mungu na kufuatilia. Ningemtia kidole cha jicho.

Nimerudi kwenye ule ukurasa kutafuta kosa. Chini kabisa kuna kisanduku kimeandikwa "Tumia kwa kanda zote", na kilikuwa na alama ya vema tangu mwanzo. Yaani nilipoosha Kusini nimeosha na Kaskazini! Nimefua nguo zangu na za jirani, na za jirani ndizo zimetakata.

Basi nimeondoa ile alama. Kisha, kwa Kaskazini peke yake, nimechukua "Mlango wa kabati la mitambo uko wazi" na kuutoa Taarifa hadi Dharura. Mafundi wa Kaskazini hufungua makabati siku nzima, ndiyo kazi yao. Kila wakifungua, nyekundu. Wakifungua jingine, nyekundu. Hadi tunafunga ofisi kanda ya Pasi ilikuwa imeiva kama nyanya. Nimerudi nyumbani napiga mluzi.

Alhamisi, 7 Agosti

Sikujua kwamba nyekundu ina miguu.

Kumbe rangi si rangi tu. King'ora kikiwa Dharura, programu inatuma meseji kwa Meneja, na nyingine kwa Dereva wa gari la zamu. Kwa hiyo tangu jana simu ya Meneja inapokea: Dharura, Kaskazini. Baada ya muda mfupi: Imetatuliwa, Kaskazini. Fundi amefunga mlango wa kabati, basi! Lakini anachokiona Meneja ni Pasi akizima moto mmoja baada ya mwingine, na shati halikunjamani. Amesema hajawahi kuona mtu wa dharura kama yule.

Halafu akanigeukia. Akauliza, kwa ule upole unaouma kuliko tusi, kama huko Kusini kuna mtu kazini. Kwa hiyo sasa utulivu ni uvivu. Juzi utulivu ulikuwa bidii. Wakubwa hawana kauli moja.

Jioni nimejifariji kwa kuipanga familia. Mke wangu ni fundi cherehani. Ana malalamiko mengi na yote huyatoa kwa sauti ileile, hayana ngazi. Nikamweleza utaratibu wa kisasa. Bomba la jikoni kuvuja: Taarifa. Shuka kuchakaa: Onyo. Goti la mama yake: Ndogo. Alinisikiliza hadi mwisho, pini zikiwa mdomoni. Baadaye nikauliza chakula kiko wapi. Akasema chakula kilikuwepo, kimeliwa, na hiyo ni Taarifa.

Ijumaa, 8 Agosti

Kama Meneja anapenda moto, nitamwashia moto.

"Mtumiaji ameingia kwenye mfumo", Kusini peke yake: kutoka Taarifa hadi Dharura. Raha yake ni hii: nikiingia, nyekundu. Nikitoka, imetatuliwa. Sihitaji hata kuinuka. Kufikia wakati wa chakula cha mchana nilikuwa nimetatua dharura kumshinda Pasi, na kwa kasi ambayo hata mimi ilinitia hofu. Meneja alichungulia mlangoni akanitikisia kichwa. Nikajifuta jasho ambalo halikuwepo.

Nilichosahau ni Dereva. Gari la zamu hutoka kwa kila Dharura, na mimi ile Dharura yangu nilikuwa nimeipachika kwenye mnara wa mwisho kabisa wa Kusini, ili isionekane iko karibu na meza yangu. Alasiri Dereva akaingia, vumbi hadi kwenye kope. Ameuendea ule mnara kwenye barabara ya mawe. Ameukuta salama salimini, mbuzi wamelala kivulini pake. Akageuza gari. Meseji ikaingia. Akarudi. Mbuzi walewale. Akageuza tena.

Aliegemea meza yangu, akaniuliza taratibu, "Hebu nisaidie, kaka. Kule mnarani, ni nani aliyekuwa anaingia na kutoka?"

Nikamvuta kando. Tumeelewana kama watu wazima. Yeye hajaona kitu, na chakula changu cha mchana ni chake hadi Alhamisi ijayo. Amekuja kukichukua hapohapo. Anakula polepole, huku ananitazama.

Jumapili, 10 Agosti

Wakwe tena. Baba mkwe alipitisha kidole juu ya kabati la sebuleni kwake mwenyewe, akakikagua, ndipo akaketi. Akauliza kazi ya ukuu inaendeleaje.

Ningesema inaendelea, yangeishia hapo. Badala yake nikamweleza rangi zote. Nikasema katika chumba kile hakuna king'ora kinachobadilika rangi bila mkono wangu. Hilo lilikuwa kweli kabisa, na nadhani ndilo lililoniponza. Sikuwa nimezoea kusema kweli kwenye meza ile, na utamu wake ukanizidi. Nikarudia mara mbili.

Mzee akaweka kijiko chini. Akaniangalia kama mwanafunzi wa mwisho darasani ambaye ghafla amefaulu. Tangu nimwoe binti yake hajawahi kuniangalia hivyo, na siwezi kuficha, nilifurahi hadi masikio yakapata moto. Kisha akasema Alhamisi asubuhi atanitembelea kazini. Atakuja na wastaafu wenzake wawili, ili nao wamwone mkwe wake. Alhamisi! Siku zote za juma zimekwisha?

Njiani mke wangu alinishika mkono. Halafu akaniita "mume wangu". Akiniita hivyo najua kuna kesi.

"Mume wangu, rudi ukamwambie sasa hivi. Akikasirika, atakasirika sebuleni kwake. Usimwache avae koti aende akaaibike kwa watu."

Nikamweleza kwamba ikifika Alhamisi itakuwa kweli. Akasema yeye hakuolewa na Alhamisi.

Jumatatu, 11 Agosti

Pasi amekuja mezani kwangu kuomba msaada. Yeye kwangu! Amesema milango yake ya makabati inatoa Dharura na haelewi sababu. Amewauliza mafundi, wanasema wanafungua kama walivyofungua siku zote. Je, mimi mwenzake naonaje?

Nikafikiri kwa muda wa heshima. Nikamwambia ni upepo.

Akashukuru. Akawapigia mafundi wake simu wawe wanaweka jiwe kwenye milango. Sasa wanafungua kabati, wanaegesha jiwe ili mlango usichezecheze, na unabaki wazi mpaka wamalize kazi. Nyekundu zake zimekuwa ndefu ajabu! Alasiri akaniletea chai kwa ajili ya ushauri. Chai ilikuwa nzuri, jambo lililoniudhi.

Jumanne, 12 Agosti

Maji yamezidi unga. Simu ya Meneja imelia mfululizo ndani ya kikao cha wakurugenzi. Nikiingia mimi, inalia. Nikitoka, inalia. Milango ya Pasi, inalia. Mkurugenzi mmoja ameuliza kama kampuni inaungua.

Meneja amerudi uso ameukunja. Hataki tena kusikia habari za dharura. Alhamisi saa nne atasimama mbele ya ukuta pamoja na huyo mkurugenzi. Kanda itakayokuwa shwari, mwenye kanda ndiye Mkuu wa Chumba, na hakuna mjadala.

Basi utulivu umerudi kuwa bidii! Nilijua. Ukiwa na wakubwa kinachotakiwa ni subira tu, watazunguka weee, mwisho watarudi pale ulipo.

Jumatano, 13 Agosti

Leo sikudokoadokoa. Nimekwenda kwenye ule ukurasa, Kanda ya Kusini, nikabonyeza "Chagua vyote". Ving'ora vyote: Taarifa. Umeme, betri, minara, nyaya, joto, feni, maji kuingia, panya kuingia. Vyote kijivu, kwa bonyezo moja. Kaskazini nimewaachia milango yao.

Nikipita nyuma ya Pasi nimemwona ameinamia skrini yake ndogo, anasoma kitu kwa makini. Nikachungulia. Anasoma Taarifa! Mistari ya kijivu, mmoja baada ya mwingine, ya kanda yake na ya kwangu, kama mtu anayesoma matangazo ya vifo kutafuta ndugu. Nimemhurumia. Mtu mzima na akili zake.

Shati langu la kesho mke wangu amelipiga pasi bila kusema neno. Ningependa angesema neno.

Alhamisi, 14 Agosti

Naandika nimekaa kwenye ngazi za nyuma. Hakuna anayepita huku.

Asubuhi ilianza vizuri. Ukuta wa Kusini kijani kitupu. Kaskazini milango kadhaa, nyekundu, mawe yakiwa kazini. Saa nne Meneja akaingia na mkurugenzi. Nyuma yao, akiletwa na mlinzi, baba mkwe! Koti la vikao, tai, viatu vinavyong'aa, na wazee wenzake wawili wamevaa vilevile. Alipitisha kidole juu ya meza ya kwanza, akaridhika, wakajipanga nyuma kama wazazi siku ya kutoa zawadi. Wakati huohuo Pasi aliinuka ghafla akatoka mbio. Nikadhani ni tumbo. Nikamshukuru Mungu.

Mkurugenzi akasema Kusini kunapendeza. Meneja akanielekea, akafungua mdomo. Mimi nilishaanza kusimama.

Ukuta ukazima. Wote. Mweusi tii.

Kilichotokea nimekielewa baadaye, nacho ni hiki. Chini yetu kuna chumba cha seva, yaani zile mashine zinazobeba kazi yote, pamoja na ya huo ukuta. Kiyoyozi cha chumba hicho kilikufa asubuhi. Joto likapanda. King'ora kikatoka kama kawaida: joto limezidi chumba cha seva. Zamani kingekuwa chekundu, kingepiga simu, kingeita gari. Lakini jengo letu wenyewe, ndani ya programu, limeandikishwa Kanda ya Kusini. Kwa hiyo kilitoka kijivu. Taarifa. Kikajipanga foleni nyuma ya panya. Mashine zilipoona haziokolewi zikajizima zisije zikaungua.

Simu za mezani zikaanza kulia. Zahanati haiwezi kufungua majalada ya wagonjwa. Shule ya ufundi iko katikati ya mtihani. Nilinyanyua simu moja nikairudisha. Baba mkwe alinitazama mimi, akangoja mkuu atoe amri. Nikatoa amri watu watulie. Walikuwa wametulia.

Aliyeokoa ni Pasi. Aliuona ule mstari wa kijivu wakati wageni wanaingia, akashuka mbio, akafungua madirisha, akakusanya feni za jengo zima, akamwita fundi wa viyoyozi. Kisha akawasha mashine moja moja, akianza na za zahanati. Aliporudi shati lilikuwa limelowa na kukunjamana hadi kola. Sikumjua kwa haraka. Ukuta ukawaka tena.

Meneja akauliza ni nani aliyegeuza joto la chumba cha seva kuwa Taarifa. Wakafungua kumbukumbu za programu. Jina lililotokea ni la Mkuu mstaafu. Jana, Mkuu mstaafu. Wiki iliyopita, Mkuu mstaafu. Mkurugenzi akampigia. Mzee wa watu alikuwa anafuga kuku, hajui chochote, na nyuma yake kuku walisikika wakithibitisha. Kwa hiyo kuna mtu ametumia jina lake. Nani? Nikatazama dari kama mtu yeyote asiye na hatia. Dereva alikuwa mlangoni na chakula changu, akatazama dari pia. Nilikuwa nimepona!

Baba mkwe akakohoa. Kile kikohozi cha mkaguzi. Akasogea mbele, akafunga kifungo cha koti.

"Samahani, mama. Hakuna haja ya kuhangaika," akamwambia Meneja. "Katika chumba hiki rangi haibadiliki bila mkono wa huyu mkwe wangu. Ndiye Mkuu hapa. Alinieleza mwenyewe, mezani kwangu, na akarudia."

Alidhani ananisaidia. Aliona watu wanahangaika na mtaalamu yupo, hakuna anayemuuliza. Alisema kwa fahari, na wenzake wakatikisa vichwa.

Meneja akanitazama. Hakutazama ukuta, alinitazama mimi. Ni mara ya kwanza tangu niajiriwe.

"Mkuu?" akasema.

Dereva aliacha kutafuna. Baba mkwe akanisoma uso, na yeye uso wa mtoto aliyenakili mtihani anaujua hata gizani. Akaelewa yote, cheo na rangi pamoja. Hakufoka. Akawaambia wenzake waende, wameona ya kutosha.

Nilimsindikiza hadi getini. Wale wazee wawili walitangulia, wakajifanya wanaangalia maua. Akasimama akanyoosha tai.

"Ungeniambia wewe ni mwangalizi tu, mwanangu, ningekuja vilevile," akasema. "Na koti ni hilihili."

Akaondoka. Nilibaki pale getini na aibu ambayo sijui ningeiweka kiwango gani. Nimekuja huku ngazini nikalia. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Ijumaa, 15 Agosti

Pasi ndiye Mkuu wa Chumba. Kiti kimemwenea, kichwa kimefika mahali pake.

Sikufukuzwa, na aliyeniombea ni yeye. Amemwambia Meneja kwamba nikiondoka hakuna atakayejua nilibadilisha nini na nini. Kwa hiyo adhabu yangu ni kurudisha kila king'ora kwenye kiwango chake cha zamani, kimoja kimoja, kanda zote, kwa mkono. Kitufe cha "Chagua vyote" wameniondolea. Meza yangu imehamishiwa stoo, kati ya ndoo za usafi na mashine ya kunakilia iliyokufa. Nilijaribu kumchukia Pasi nikashindwa, nikahisi vibaya zaidi.

Mke wangu hakusema "nilikwambia". Amenipakulia chakula, akakaa pembeni hadi nikamaliza. Nimelikaza bomba la jikoni. Nimeapa mbele yake: mimi na njama tumeachana, talaka tatu.

Jumatatu, 18 Agosti

Jana nilikwenda kwa baba mkwe kuomba radhi. Nilipiga magoti, sikutaja rangi yoyote. Alinisikiliza, akanisamehe, akanikagua kucha. Nimerudi nyumbani mwepesi kabisa, mtu mpya.

Stoo ni pazuri ukizoea ndoo. Leo nimerudisha "Umeme umekatika" kuwa Dharura. Nimerudisha "Mnara hausikiki". Nimerudisha joto la chumba cha seva na kulikagua mara mbili. Kazi ya heshima, kazi ya mtu aliyetulia.

Karibu na jioni nimefika chini ya ukurasa, mahali ambapo sikuwahi kufika. Kuna kitufe: "Ongeza kiwango kipya." Yaani mtu anaweza kuweka ngazi juu ya Dharura! Na rangi unachagua mwenyewe. Nimechagua zambarau. Kuangalia tu inakaaje. Inakaa vizuri sana.

Sasa, Pasi leo alikwenda kula mchana akakawia kurudi. Sikumchunguza, mlango wa stoo unatazama mlango wa chumba, sina namna. Simlaumu, amekaa kwenye kiti kizuri na amechoka. Lakini kampuni si ina haki ya kujua Mkuu wake akiwa hayuko mezani? Hii si njama. Njama nimeacha. Hii ni huduma. Nimetengeneza king'ora kipya: "Kompyuta imekaa bila kuguswa." Zambarau. Meseji inakwenda moja kwa moja kwa wakurugenzi wote. Nimekiwasha kwa kila kompyuta ya jengo hili, ya Meneja ikiwemo, Pasi asije akasema nimemlenga yeye.

Na jambo zuri kuliko yote: lile jina la Mkuu mstaafu wameshalifuta. Kwa kazi hii nimepewa ruhusa halali, kwa jina langu kamili. Kila ninachobadilisha kinaandikwa kwamba nimebadilisha mimi. Safari hii sifa hazitakwenda kwa mtu mwingine.